Vidole vya Mbwa

Morfudd, umeniachia daftari na mdomo mmoja wa kulisha.
Mdomo wenyewe hauna meno wala shukrani:
Botwm, kobe wako, uliyemnunua utotoni
kwa shilingi kumi sokoni Porthmadog.

Mimi ni fundi breki.
Miaka arobaini chini ya mabasi ya Ffestiniog,
na kwangu kila kilichoota kilikuwa majani,
kitu cha kufyekwa Jumamosi kama mvua imekubali.

Sasa natoka asubuhi na bakuli la plastiki,
nainama ukingoni mwa njia ya machimbo
kama mtu aliyedondosha funguo.
Mererid wa jirani ananiuliza nimepoteza nini.
Namjibu: kifungua kinywa.

Daftari lako linanuka chai na udongo.
Kila ukurasa jani moja, limebanwa kwa utepe,
na chini yake alama: vema kwa wino wa bluu,
mkasi kwa wino mwekundu.
Jino la simba: vema, jani na ua, mpe kila siku.
Mchunga wenye utomvu mweupe: vema.
Jani la mishipa mitano, lile linalolala kifudifudi njiani,
likakanyagwa na bado likaishi: vema mbili,
na pembeni umeandika, "Kama Ifor."
Sikujua uliwahi kuniandika.

Ua la njano ling'aalo kama limepakwa siagi: mkasi.
Ua la Mtakatifu Dewi, kuanzia kitunguu hadi kilele: mkasi, mkasi,
hata kama nchi nzima imelibandika kifuani.

Mengine nimejifunza mwenyewe.
Nisichume chini ya nguzo ya taa;
mbwa wote wa mtaa wametia saini pale.
Nisichume kando ya barabara kuu, baraza limepuliza dawa,
na majani yamejikunja kama karatasi iliyosogea moto.
Watu husema mnyama anakijua chakula chake.
Botwm amejaribu kula soksi yangu nyekundu,
mguu ukiwa ndani.

Kisha ukurasa wa thelathini na tisa.
Jani pana, lenye manyoya kama sikio la punda,
halina vema, halina mkasi.
Umeandika tu, "Mboga ya fundo? Au...?"
na tarehe, juma moja kabla ya hospitali ya Bangor.

Limejaa nyuma ya banda, hilo jani.
Botwm analitazama. Mimi namtazama Botwm.
Ningeweza kubahatisha.
Lakini sijawahi kubahatisha breki hata siku moja.
Nikang'oa mche, nikauweka chunguni dirishani,
nikasubiri uniambie jina lake.

Mwaka ule haukusema.
Oktoba nikampima Botwm kwa mizani ya keki,
nikamlaza sandukuni, sanduku ndani ya jokofu,
nyuzi tano, kando ya jibini, kama ulivyofanya wewe,
nikifungua mlango mara moja kwa siku apate hewa.
Baridi yote ile nililiambia jokofu "usiku mwema."
Mererid alinisikia. Hakusema neno.

Machi akaamka, akaogeshwa maji ya vuguvugu,
akala jino la simba
huku kijani kikimchirizika shingoni.
Na Juni mche ukasimama wima, ukapita kitasa cha dirisha,
ukafungua kengele za zambarau moja moja kutoka chini,
kila moja na madoa kooni.
Vidole vya mbwa.
Sumu ya moyo, wa kobe na wa mtu.

Nilikaa chini kwanza.
Halafu nikatafuta kalamu nyekundu
(kwenye droo ya vijiko, Morfudd, kwa nini droo ya vijiko?)
nikaweka mkasi wangu ukurasa wa thelathini na tisa,
mstari mmoja mrefu kuliko mwenzake.

Ukurasa wa arobaini ni mtupu.
Botwm anagonga mlango wa nyuma kwa gamba.
Mvua imekubali. Natafuta bakuli.